Nyota Kwenye Ploti ya Ismail

Kila Jumamosi asubuhi Mwihaki alimsaidia mama yake kufungua duka lao la mbegu pale Munyaka. Alitoa mbao za dirisha, akafagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akapanga pakiti za mbegu za karoti na sukuma wiki mahali ambapo mpita njia angeziona. Mama yake, Waceke, hakuwa mtu wa maneno mengi asubuhi.

"Umemaliza? Haya, nenda kwa mashine yenu," alimwambia. "Na usirudi na njaa ukasema ni hesabu."

Mashine hiyo ilikuwa kompyuta. Ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa mjini Eldoret, imeunganishwa na televisheni, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kanda, zile zile ambazo watu wengine walitumia kusikilizia nyimbo. Aliyeileta ni Mwalimu Wasike, aliyefundisha hisabati katika shule moja ya sekondari. Watoto waliopenda kujifunza kuandika programu walikutana naye hapo kila Jumamosi. Walijiita Kikundi cha Kompyuta.

Siku hizo watu hawakukusanyika hivi hivi. Chama kilikuwa kimoja, na masikio yake yalikuwa mengi. Ilibidi Mwalimu Wasike aende kwa chifu kuomba kibali, na huko aliulizwa kama programu ni siasa. Alieleza, akarudishwa, akaeleza tena. Hata kujumlisha kulihitaji ruhusa. Mwishowe alipata kibali, na juu yake ruhusa ya kualika wazazi alasiri moja, mradi naibu wa chifu awepo.

"Basi tupange siku yetu ya mazungumzo," Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake. "Kila mmoja atasimama aeleze kipande alichoandika. Na programu yenyewe tutaandika pamoja. Tuandike nini?"

"Ya mbio, Mwalimu!" alisema Kiptoo, kijana mcheshi ambaye kwao ni Kaptagat. "Watu wakimbie, sisi tuingize majina na muda wao, mashine iwapange. Kwetu mkipanga kwa mdomo mnapigana."

Wote walikubali. Mwihaki alipewa kazi ya kuandika kichwa cha programu, yaani jina la kikundi litokee kwa herufi kubwa zenye nyota pembeni. Ismail Nur, kijana mtaratibu wa darasa la nane, alipewa kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ya kuwapanga wakimbiaji. Kiptoo angeandika amri za kuonyesha matokeo.

Kisha Mwalimu akawagawia namba. Katika mashine ile kila amri ilikuwa na namba yake, na namba moja ilibeba amri moja tu. Ukiandika amri mpya kwa namba iliyokwisha kutumika, mashine iliitupa ile ya zamani kimya kimya, bila kuuliza.

"Hizi namba ni kama ploti," Mwalimu alisema. "Mwihaki, zako ni mia moja hadi mia moja tisini na tisa. Ismail, wewe unaanzia mia mbili. Mtu asivuke mpaka bila kumwambia jirani. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu."

Mwihaki alielewa vizuri. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye: hakuweza kusema kwamba hakuelewa.

Siku moja kabla ya mazungumzo, baada ya masomo, aliomba ufunguo kwa Mwalimu ili akatazame kichwa chake mara ya mwisho. Nyota zilikuwa juu, kulia na kushoto, lakini chini palikuwa wazi. Mama yake angekuja kesho. Ingekuwaje mama aone fremu isiyofungwa? Lakini alikuwa ameandika amri nyingi, zilizosongamana, na ploti yake ilikuwa imejaa. Kubana amri upya ni kazi ya jioni nzima.

Aliutazama mpaka. Mia mbili ilikuwa pale pale upande wa pili. "Ni namba moja tu," alijiambia. "Labda Ismail hata hakuitumia." Angeweza kuitazama ploti ya jirani yake kwanza. Angeweza kupita dukani kwa kina Ismail akamwuliza. Hakufanya hata moja. Aliandika mstari wa nyota kwa namba mia mbili, fremu ikafungwa, naye akatabasamu. Akahifadhi kila kitu kwenye kanda, akafunga mlango, akaenda nyumbani akiimba.

Siku ya mazungumzo ukumbi ulijaa. Naibu wa chifu alikaa mbele na kofia yake magotini. Karibu naye alikaa Bwana Nderitu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye aliyetoa televisheni na hakuacha mtu asahau. Kichwa cha Mwihaki kilipotokea, watu walipiga makofi. Waceke, mwanamke asiyecheka ovyo, alicheka.

Vijana walikuwa wamekimbia kuzunguka kanisa, na muda wao ukaandikwa. Kiptoo alikuwa amejikwaa akafika wa mwisho kabisa, huku wasichana wawili wakimzomea. Ismail akasimama, akaeleza kwa sauti tulivu jinsi mashine inavyolinganisha muda wa watu wawili wawili mpaka kila mmoja apate nafasi yake. Akaingiza majina, akianza na Kiptoo. Akabonyeza.

Wa kwanza: Kiptoo.

"Maze! Nimeshinda!" Kiptoo aliruka na mikono juu. "Leteni medali!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Ismail hakucheka. Alibonyeza tena. Matokeo yakawa yale yale. Mashine haikumpanga mtu yeyote. Iliwaandika vile walivyotajwa.

"Jumatano ilikuwa sawa, Mwalimu," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Niliijaribu mimi mwenyewe."

Mwihaki aliyekuwa amekaa kando ya mashine aliukumbuka mstari wake wa nyota. Mia mbili. Alijua papo hapo.

Bwana Nderitu alisimama. "Mimi nilisema kutoka mwanzo. Mnampaje mtu kama huyu kazi ya katikati? Mtu ambaye hata kitambulisho cha baba yake kinatiliwa shaka? Ameharibu makusudi huyu."

Mwaka huo serikali ilikuwa imeamuru kila Msomali wa Kenya apigwe msasa ili ijulikane kama ni Mkenya kweli. Nur, babake Ismail, aliyezaliwa hapa na kuendesha malori kwenye barabara za hapa tangu ujana wake, alikuwa amepanga foleni pamoja na wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, ili aulizwe yeye ni nani. Foleni hiyo imesahauliwa na wengi. Waliosimama ndani yake hawajaisahau.

"Bwana Nderitu, tafadhali," Mwalimu Wasike alisema. "Ni kosa la programu. Tutalitafuta."

"Kosa lina mwenyewe! Mtoto huyo atoke kwenye kikundi, la sivyo televisheni yangu naichukua."

Wazazi wengine walitikisa vichwa kukubali. Naibu wa chifu alitazama saa yake, akasema muda wa kibali umekwisha. Mwalimu akazima mashine. Ismail aliokota karatasi zake, akatoka akipita katikati ya macho ya watu.

Mwihaki alifungua kinywa. Akakifunga.

Njiani mama yake alimshika bega. "Nyota zako zilipendeza sana. Lililoharibika ni la yule wa Nur. Hawa watu, aka!"

Hakuna sifa iliyowahi kumchoma Mwihaki kama hiyo.

Siku zilizofuata alikwepa njia ya kanisa. Darasani aliitwa jina lake akashtuka. Alijiambia Mwalimu atagundua mwenyewe. Halafu akaomba asigundue. Halafu akajichukia kwa kuomba hivyo. Siku moja alipotumwa mjini alipita mbele ya duka la kina Ismail. Mama yake Ismail, Dahabo, alimwona akamwita ndani, akampa chai ya maziwa yenye tangawizi. Ismail alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, karatasi zake magotini.

"Mwihaki, wewe una jicho zuri," alisema. "Nimeisoma amri kwa amri. Kwenye karatasi iko sawa. Basi kosa liko kichwani mwangu na silioni. Wewe umeliona?"

Mwihaki aliitazama chai. "Sijaliona."

"Si kitu. Hata hivyo baba ameniambia niache. Anasema mwaka huu si wa kujulikana."

Chai ile hakuimaliza. Alirudi Munyaka akilia waziwazi barabarani, na alipofika dukani alimwambia mama yake yote: mpaka, namba mia mbili, na lile neno "sijaliona."

Waceke aliketi juu ya debe.

"Tulipohamia huku kutoka Nyandarua," alisema, "ng'ombe wa jirani alipotea. Kabla hajatafutwa ilisemwa ni sisi wageni tumemchinja. Babako alilala korokoroni. Ng'ombe akapatikana bondeni, mzima, anakula nyasi. Na hakuna aliyekuja kusema pole." Akajipangusa uso. "Nami juzi njiani nimesema nini? 'Hawa watu.' Mdomo wangu huu. Funga duka, twende."

Walimkuta Nur amerudi kutoka safari, amekaa nyuma ya duka na mkewe na Ismail. Mwihaki alisimama mbele yao akasema. Ismail alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza hapa hapa, na chai yetu mkononi."

"Ndiyo. Nisamehe."

Ismail aligeuka akaingia ndani. Dahabo alishusha pumzi. Waceke akaanza kusema kwamba basi wamekuja kuomba radhi, na yaishe baina yao, lakini Nur aliinua mkono.

"Mama Mwihaki, nashukuru kwa kuja. Wengi hawaji. Lakini mwanangu alichafuliwa ukumbini. Aliyechafuliwa hadharani hasafishwi jikoni."

Mwihaki alielewa. Kesho yake alimweleza Mwalimu Wasike yote, akaomba asimame ukumbini aseme mwenyewe.

Ilibidi Mwalimu Wasike arudi kwa chifu kuomba alasiri nyingine. Aliulizwa kwa nini watu wakutane tena juu ya jambo lile lile. "Kwa sababu mara ya kwanza tulidanganyana," alijibu. Sijui walimwelewaje, lakini kibali kilitoka. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wale wale waliokuwepo. Kwa Nur alikaa muda mrefu kuliko kwingine, na alipotoka Ismail alikuwa amekubali kuja, ingawa hakuahidi kusema.

Ukumbi ulipojaa, Mwihaki alisimama kabla ya mwingine yeyote.

"Ismail hakuharibu kitu," alisema. "Ni mimi. Nilitaka nyota zaidi. Nilivuka mpaka, nikaandika nyota zangu juu ya amri yake. Ile amri ndiyo iliyosema mwenye muda mfupi atangulie. Nilijua siku ile ile, hapa hapa, wakati mnamtukana. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mmeshamchagua yeye."

Hakuna aliyecheka. Hata Kiptoo alitazama viatu vyake.

Bwana Nderitu alikohoa. "Haya, mtoto amekiri. Ni utoto. Yaishe, tuendelee."

"La hasha," alisema Waceke akisimama. "Mtoto amesema lake. Mimi pia nilimsema vibaya kijana huyu, naomba radhi kwake na kwa wazazi wake. Wewe lako, Bwana Nderitu, nani atalisema? Ama unangoja televisheni ikusemee?"

Minong'ono ilipita ukumbini. Bwana Nderitu alimtazama naibu wa chifu, naye akajishughulisha na kofia yake. Mwishowe Nderitu aliinuka nusu, akamgeukia Nur, akasema, "Nilikosea," akakaa upesi kama aliyekalia moto.

Lilikuwa neno dogo, lakini lilisikika.

Ismail alienda kwenye mashine. Alisimama kidogo, kisha bila kumtazama Mwihaki akasema, "Njoo ufute nyota zako. Mimi nitakusomea amri."

Alisoma polepole, neno kwa neno, naye Mwihaki akaandika kwa namba mia mbili. Ule mstari wa nyota ukatoweka na fremu ikabaki wazi chini. Majina yakaingizwa tena. Ismail alibonyeza, na wakimbiaji wakajipanga kila mmoja mahali pake, Kiptoo chini kabisa.

"Mlinipa raha ya bure tu," Kiptoo alinung'unika, na ukumbi ukacheka, na safari hii Ismail alicheka pia. Kisha akaeleza kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, na wazazi wakauliza maswali. Nur alikaa mbele, wima, mikono juu ya magoti, akisikiliza kila neno.

Watu walipoanza kuondoka, Mwalimu Wasike aliwakusanya wanafunzi wake.

"Muhula ujao Mwihaki hatasimama siku ya mazungumzo," alisema. "Atakagua mipaka ya kila mmoja wetu. Mwihaki, unaona ni haki?"

"Ni haki, Mwalimu."

"Kuvuka mpaka ni kosa, na tumelirekebisha kwa mstari mmoja. Kunyamaza kulichukua zaidi, na bado hatujui kama kumekwisha." Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Ukikosea, simama upesi useme ni wewe. Kosa likikosa mwenyewe halikai bure. Linatafuta mnyonge limkalie, na hapa kwetu, watoto wangu, mnyonge huwa amekwisha kuchaguliwa."