Mkanda wa Afande

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Sindano alikuwa na kazi moja isiyosubiri: kumlisha Afande. Afande alikuwa mbwa wa kahawia mwenye miguu myeupe kama aliyevaa soksi. Babu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu udogoni alipenda kuketi mlangoni kifua mbele, kama askari wa zamu. Sindano nalo lilikuwa jina la utani. Msichana mwenyewe alikuwa mwembamba, na mama yake alikuwa fundi cherehani; waliombatiza hawakusumbuka kufikiri.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mama alikuwa amempa kikombe cha bati chenye mstari mwekundu ndani yake.

"Jaza hadi hapa, kisha usawazishe," alimwagiza. "Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Basi."

"Na akilia, mama?"

"Mwache alie. Hata wateja wangu hununa nikiwasomea vipimo vya viuno vyao, lakini siikunji tepu ili kuwafurahisha."

Afande hakulia. Alifanya jambo baya zaidi: alilaza kidevu chake kwenye goti la Sindano, akamtazama. Macho yale! Moyo wa msichana uliyeyuka kama siagi juani. Alijaza kikombe kikafurika, akaongeza konzi moja ya wali na vipande vya nyama. Jioni alirudi na mkate aliobakiza shuleni makusudi. Siku baada ya siku, mapenzi yake yote aliyamimina bakulini.

Afande akanenepa. Watoto wa jirani wakapata la kusema.

"Sindano! Pipa lako limeota mkia!"

"Lisukumeni, litabingirika lenyewe!"

Sindano aliwasonya, akapita. Hata hivyo, mama naye alikuwa na macho. Siku moja mkanda wa shingoni, aliokuwa ameushona kwa turubai, ulifyatuka vifungo. Mama aliuokota, akaugeuzageuza.

"Mkanda huu nimeupanua juzijuzi tu," alisema, akizungusha tepu shingoni mwa mbwa. "Mwanangu, unamlisha kipimo nilichokupa?"

"Ndiyo, mama."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Mama aliliamini, akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi iliyofuata, Sindano na Afande walikwenda bombani kuchota maji, safari ambayo zamani mbwa aliigeuza mashindano ya mbio. Safari hii alikokota miguu. Walipofika katikati ya mteremko, wakati wa kurudi, alilala chini. Ulimi ulining'inia, mbavu zikapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Sindano alimvuta, akambembeleza, akampigia saluti. Afande hakuinuka.

Ndoo ikabaki njiani. Sindano alikimbia nyumbani, akarudi na mama na toroli la jirani mwashi. Walimsukuma Afande hadi kwa daktari wa mifugo, toroli likipiga kelele njia nzima, na hakuna mtoto aliyecheka.

Daktari, mama wa makamo mwenye koti la kijani, alimpapasa mbwa ubavuni.

"Mbavu zenyewe ziko wapi?" alinong'ona. "Nazitafuta kama funguo zilizozama kwenye godoro." Kisha akasikiliza moyo, na utani ukamwisha. "Moyo huu unafanya kazi ya mbwa wawili. Anakula kiasi gani?"

"Vikombe viwili kwa siku," mama alijibu. "Binti yangu ndiye anayemlisha. Nilimwuliza, akanihakikishia."

Daktari alikunja uso. "Kama anakula hivyo tu na bado ananenepa, basi ni ugonjwa. Majibu ya damu yatachelewa, na hali yake haituruhusu kungoja. Itanibidi nianze dawa leo. Ila ni dawa kali. Mbwa asiye na ugonjwa huo ikimwingia, moyo wake utachoka zaidi. Mna hakika na kipimo?"

"Mwanangu hanidanganyi," alisema mama.

Maneno hayo yalimchoma Sindano kuliko kemeo lolote. Alimwona daktari akifungua kabati la dawa. Akamwona Afande mezani, akimtazama kwa macho yale yale.

"Usimpe, daktari!" alipaza sauti. "Si ugonjwa. Ni mimi. Kikombe nakijaza kikafurika, halafu naongeza, halafu namletea mkate. Mama, nilikudanganya."

Daktari alifunga kabati taratibu.

"Umeniepusha na kosa kubwa," alisema. "Dawa yake sasa ni kipimo. Tutapunguza chakula kidogo kidogo, na atatembea polepole kila siku. Akishika njia hiyo, atapona."

Jioni mama alisimulia yote mbele ya babu. Mzee alikohoa, akatazama dari.

"Na mimi humpa ngozi ya kuku," alikiri. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mama alishusha pumzi. "Na mimi humtupia mabaki ya chakula changu nikiwa kazini. Sikuwahi kuyahesabu."

Walitazamana, kisha babu akaanza kucheka, wote wakamfuata. Mama alitundika kibanio chekundu cha nguo juu ya bakuli. Afande akishakula, Sindano angekihamishia mlangoni, na aliyekiona pale hangempa hata chembe.

Wiki zikapita. Mkanda ukaanza kulegea, na siku moja mama akaupunguza kwa mshono mmoja, uso umemjaa tabasamu.

"Mwanangu," alisema akikata uzi, "sote tulimlisha kupita kiasi kwa sababu tunampenda. Lakini wewe ungenyamaza siku ile, tungempoteza. Ukimpenda mtu au mnyama, mpe kinachomtosha. Na ukikosea, sema kweli mapema, wakati kosa bado linaweza kufumuliwa na kushonwa upya."

Sindano aliuvisha mkanda shingoni. Afande akalaza kidevu gotini, akaanza macho yake ya zamani. Sindano alikitazama kibanio. Kilikuwa mlangoni.

"Huniwezi leo," alicheka, akachukua ndoo na kupiga saluti. "Bombani, Afande!"

Mbwa akawa wa kwanza kutoka.