Kitanda Namba Nane

Kiti cha mbele ya dirisha la madai, ofisi ya bima, kilikuwa kimelowa. Mwalimu alikigusa, akanusa vidole. Saruji mbichi! Akajiambia labda kuna ufa unazibwa huko nyuma, akaketi hivyo hivyo, maana alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi na miguu ilimwaka moto.

Mkewe alikuwa amepasuliwa na amepona, lakini hospitali haimwachii mpaka bima ilipe. Na bima imekataa. Barua yao ilisema mwanachama alishafariki.

"Mama, mimi huyu hapa," alimwambia karani, akijichekesha. "Maiti gani anapanga foleni?"

Karani, mama mtu mzima, hakucheka hata kidogo. "Kadi yako ilimlaza mtu wodini, kitanda namba nane, akafa. Kama wewe uko hai, yule alikuwa nani?"

Jamani, aibu! Ilimpanda Mwalimu mpaka masikio yakawaka. Yule alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mwashi asiye na bima, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi. Kifua kilipomzidi, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemtia kadi mfukoni. "Wakikuuliza, taja jina langu. Usiniumbue." Fundi alitii mno. Alikufa kwa jina la kaka yake, akazikwa kwa kibali chenye jina hilo, na Mwalimu akakikunja kibali, akanyamaza.

Nyuma yake mtu akakohoa. Mara mbili, kavu, kisha mluzi mwembamba kifuani. Mwalimu hakugeuka. Kikohozi kile angekijua hata usingizini.

"Baba," karani alishusha sauti, "kama ni ndugu yako, sema. Bima utaikosa, na kazi labda. Kama humjui, saini hapa kwamba kadi iliibwa, mkeo atoke hospitali leo."

Harufu ya saruji ikazidi, ikamjaa puani na kooni, na pumzi baridi ikamgusa shingo, na sauti aliyoizoea tangu utotoni, sauti iliyokuwa ikimwomba nusu ya kila kitu, ikamwambia taratibu sikioni, bila hasira, "Kaka, nitaje tu, nitaje mara moja niende zangu," na Mwalimu akahisi macho ya foleni nzima mgongoni mwake, akawaza wanafunzi wake wakisikia kwamba mwalimu wao ni mwizi, akashika kalamu.

"Simjui," alinong'ona, akasaini.

Harufu ikakatika. Kikohozi kikanyamaza. Akashusha pumzi, akatoka mbio kwenda hospitali, na njia nzima kifua kikawa kinambana, akasema ni mbio tu.

Mkewe alikuwa amevaa, amekaa kitandani na mkoba mapajani. Alipomwona, uso ulimchangamka, lakini si kama kwa mume.

"Aa, shemeji Fundi! Karibu. Kaka yako yuko dirishani anachukua dawa zangu. Bima wamekubali, Mungu mkubwa."

"Mke wangu, ni mi..." Kikohozi kikamkata. Mara mbili, kavu, kisha mluzi. Alijiziba mdomo, akaona vumbi la saruji limejaa kwenye kucha zake.

Koridoni viatu vilikuwa vinakuja, vile vyake mwenyewe vya shuleni, vyenye kisigino kilicholegea.

"Kaa, shemeji, utaanguka," mkewe alisema kwa huruma. "Kifua hicho si cha kuchezea. Huyo kaka yako anakuja, tutamwomba akuazime kadi."