Kilichokaa Ndani ya Mkanda

Mita ya mota ilikuwa inasema uongo, au ndivyo fundi wa mkanda wa kusafirishia makaa alivyojaribu kujiaminisha asubuhi ile. Mzani ulionyesha makaa ya mawe nusu ya kawaida, lakini mota ilivuta umeme kana kwamba imebebeshwa mara mbili. Alibadilisha mita. Ya pili ikasema vilevile.

Kiwanda kizima kilimwita Mama Grisi, na mkanda ule aliujua nje ndani. Ukishapokea makaa ulijikunja, ukapita katikati ya rola zilizoubana pande zote, ukawa bomba refu lisilomwaga hata vumbi, kisha ukafunguka juu mnarani na kumwaga mzigo. Kanuni ilikuwa moja: kabla ya kuzima jioni, uzungushwe mpaka ubaki mtupu. Meneja mpya aliifuta kanuni hiyo, eti inapoteza muda. Wiki ya tatu sasa bomba lilikuwa linalala limeshiba, limefumba, giza tupu ndani. Mama Grisi alikuwa amelalamika mpaka sauti ikamkauka, na mjinga yule alikuwa anamjibu kwa kuongeza mzigo.

Adhuhuri alitembea kando ya bomba akitafuta rola iliyokwama. Alikuta uvimbe. Ulikuwa na unene wa mtu mzima, ukiusukuma mshono wa mkanda kutoka ndani, na ingawa mkanda ulikuwa unapanda kwenda mnarani, uvimbe ule ulikuwa unashuka, rola baada ya rola, bila haraka, mpaka ukamfikia na kusimama usawa wa uso wake. Kitu kikavuta pumzi ndefu. Harufu ya mpira unaoungua ikamjaa puani, na ndani yake harufu ya waridi.

Akazima mkanda. Meneja alifika mbio.

"Umezima kwa ruhusa ya nani?"

"Bosi, mle ndani kuna kitu."

"Kitu gani? Jini?" Alicheka peke yake. Wafanyakazi walikuwa wameshaweka mabeleshi chini, hawagusi kitu mpaka aitwe mganga, basi meneja akakubali kwa shingo upande.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, kofia ya kiwandani imemfunika masikio. Aliweka kiganja kwenye bomba, akakiondoa upesi.

"Mmelijengea jini nyumba," alinong'ona. "Giza, pamefumbwa, hapafunguliwi. Halafu mnalirundikia mawe kichwani. Lina hasira."

"Tufanyeje, mama?"

"Toeni mzigo wote kwa mabeleshi, mkanda uzunguke mtupu siku tatu. Mkiuwasha na mzigo wake, litatoka kwa nguvu, na litaingia kwa aliye karibu."

"Siku tatu!" Meneja alisonya, akaondoka. Wafanyakazi hawakumngoja.

Kazi ya kuanza kuchota makaa mnarani ilimwangukia mtu wa kupaka rola grisi, mume wa Mama Grisi. Pale kiwandani, aendaye kwenye mkanda hutundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, ufunguo akautia mfukoni. Kufuli likiwapo, hakuna wa kuwasha. Mumewe alitundika lake.

"Usikae sana huko juu, baba watoto."

"Nashuka sasa hivi, mke wangu."

Mama Grisi alikuwa stoo anatoa mabeleshi aliposikia king'ora cha kuwasha. Miguu ilimfikisha chumba cha swichi kabla ya akili. Kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa, na meneja ameshika msumeno wa chuma.

"Mume wangu yuko juu!"

"Mbona hakusema?"

"Kufuli ndiko kusema, mshenzi wewe!"

Alimsukuma akaanguka, akakandamiza kitufe chekundu kwa viganja vyote viwili, lakini mkanda haukusimama, na dirishani akauona uvimbe ule ukipanda sasa, ukikimbia kuliko mkanda wenyewe, rola zikilia moja moja kila ulipopita, ukaufikia mnara alikokuwa amesimama mumewe, na kutoka huko juu ukaja ukelele mmoja ambao hakujua ni wa rola au wa mtu.

Kisha mita ikashuka hadi kiwango cha kawaida, na mkanda ukasimama.

"Unaona?" Meneja aliinuka akijipangusa suruali. "Mkanda umepona. Uongo mtupu wa waganga." Akachukua redio, akaagiza makaa yaongezwe.

Mama Grisi hakuwa na muda wa kumpiga. Alipanda ngazi za mnara akamkuta mumewe anashuka kwa miguu yake, hana hata mkwaruzo. Akamkumbatia, akamgonga kifuani kwa ngumi, akilia kwa furaha na kumlaani meneja kwa pumzi ileile. Chini ya ngumi yake kitu kikasogea. Kilipanda kutoka mbavuni hadi kooni, bila haraka, kikasimama. Mumewe akapumua, na pumzi yake ilikuwa ya mpira na waridi.

"Toka," alinong'ona. Kisha hasira yote ya wiki tatu ikampanda. "Nimesema toka! Toka kwa mume wangu!"

Mumewe alimtazama kwa upole ambao haukuwa wake.

"Sitoki," kikasema. "Humu hakuna anayenirundikia mawe."