Bunduki ya Kale Ndani ya Begi la Shani

Mwenzetu yeyote anayefanya kazi hapa Doha, Qatar, anapokwenda likizo kwao, begi lake huwa si lake peke yake. Huyu analeta simu ya mama, yule marashi ya mkewe. Nani atakunyima nafasi ya kilo moja, na kesho zamu ni yako?

Nassoro, dereva wa nyumba moja kule mtaa wa The Pearl, naye alileta mzigo. Mdogo wake Shani, mhudumu wa hoteli moja ya mtaa wa West Bay, alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kwao Zanzibar.

"Blanketi la mama," Nassoro alimwambia.

Ndani ya blanketi mlikuwa na bunduki ya kale. Jamani, ilikuwa nzuri! Mtutu wake mrefu ulizungushiwa mikanda ya fedha. Kitako kilichongwa maua na minyororo, kama milango ya Mji Mkongwe. Ilikuwa ya bosi wake, Mzee Khalfan, mkusanyaji wa silaha za kale.

"Hii ilichongwa kwenu," mzee alikuwa amemwambia. "Iende makumbusho ya kwenu, watoto waione."

Nassoro aliipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza itakwendaje. Aliona ni pambo tu.

Jioni hiyo ndugu hao wawili walikwenda kupima begi kwa jirani yao Milcah, Mkenya anayefanya kazi katika kampuni ya kusafirisha vifurushi. Milcah alilifungua begi, akalipapasa blanketi, akakunja uso.

"Hili ni blanketi gani gumu hivi?"

Akalikunjua. Bunduki ikatokeza. Milcah aligusa zile nakshi kwa ncha ya kidole.

"Kuna mtu aliketi chini akachonga haya yote kwa mkono," alisema polepole. Kisha akauondoa mkono. "Lakini Nassoro, ulitaka Shani afungwe?"

"Dada Milcah, hilo ni gobore la bosi wangu, mzee analipeleka makumbusho ya kwetu. Halina risasi wala baruti. Limekufa zamani."

"Mashine ya uwanja wa ndege haijui kama limekufa. Inaona bunduki ndani ya begi la Shani. Na Shani angejibu nini, na hata hakujua?"

Shani aliketi kwenye kitanda cha Milcah. "Kaka, mama ananisubiri," alisema.

Nassoro aliona jinsi jela ilivyokuwa karibu na mdogo wake, na aliyemfungia mzigo ni yeye. Aliona aibu kumtazama usoni.

"Basi niitume kwa kifurushi, niandike mapambo?" aliuliza.

"Huo ni uongo, na uongo ni kosa la pili. Posta ya kawaida haipokei bunduki. Kampuni nyingi za vifurushi pia hukataa, hata yetu. Zipo chache zenye idhini, nazo hazigusi kitu bila vibali."

"Vibali vya nani?"

"Vya pande mbili. Mwenye bunduki aombe serikali ya hapa kibali cha kuitoa. Makumbusho nao waombe kwenu kibali cha kuiingiza. Kisha kampuni yenye idhini iifungashe na kutangaza wazi kilichomo. Risasi na baruti hazitiwi humo kabisa. Na usikisie kwamba ya kale haina sheria. Kila nchi ina yake. Uliza kabla hujaigusa. Sasa usitoke nayo hapa, mpigie mzee."

Mzee Khalfan alikuja mwenyewe, akiwa na kibali chake cha kumiliki, akaichukua.

"Kosa ni langu pia, mwanangu," alisema. "Nilikupa bila kukuelekeza."

Kesho yake Shani alipiga simu kutoka ndani ya uwanja wa ndege.

"Kaka, begi langu wamelifungua. Wamekung'uta hadi blanketi. Wameniambia nipite."

Nassoro aliketi kando ya njia, simu sikioni, akamshukuru Mungu.

Vibali vilichukua miezi, lakini vilitoka. Bunduki ikasafiri mchana kweupe, ndani ya sanduku lenye jina lake halisi. Makumbusho walipotuma video, Nassoro na bosi wake waliitazama pamoja. Watoto wa shule walikuwa wamelizunguka kabati la kioo, midomo wazi. Mzee Khalfan alifuta macho.

Siku hizi Shani hapokei mzigo wa mtu uliofungwa. Atakaye kumtuma, afungue waone wote. Wapo wanaonuna. Kaka yake hanuni. Akifika na mzigo wake, huufungua kabla hajaambiwa.