Mzee Bader wa Kutengenezwa

"Kudra. Maharagwe yameungua."

Simu ikakatwa. Huyo alikuwa Tajudini, mkubwa wake wa kazi, na maharagwe yalikuwa Zénon, mnunuzi wa viwashio vya mabomu. Ameanza kushuku.

Kudra akaegesha Probox kando ya karakana ya friji, mtaa wa Mutakura, ambako Zénon angefuata mzigo. Bastola ya Makarov chini ya paja, simu ya Tecno mkononi. Moyo haukuongeza hata pigo moja. Tangu azike mume wake, moyo huo ulifanya kazi ya saa ya ukutani tu.

Tecno ilikuwa ya Bader, mzee wa magendo. Kudra na majasusi wenzake walimkamata Jumatano kimyakimya pamoja na viwashio vyake, na tangu hapo hakufungua kinywa hata kwa chai.

Zénon hakujua. Alimwandikia Bader, na Bader alimjibu.

Bader huyo alitengenezwa na Kudra ndani ya programu ya akili bandia. Alimpa jina, miaka sitini na minane, ubahili na goti bovu. Akamlisha ujumbe wa miaka minne kutoka simu hiyo. Akatoka mzee kamili, kasoro kikohozi.

Shida ilikuwa Assia. Jasusi mwenzake alikaa ndani ya gari la Zénon akijifanya mpwa wa Bader, dhamana ya mzigo. Mzee akijulikana ni bandia, risasi ya kwanza ni ya Assia.

Ujumbe wa Zénon ukaingia.

"Mzee, uko?"

"Niko, mwanangu. Sema." Mzee hakuchelewa hata kidogo.

Zénon akaandika tena:

"Leo Ijumaa, saa saba. Miaka mine yote, saa hii unazimaka simu. We ni nani?"

Kudra akatazama nje. Barabara ilikuwa nyeupe kwa kanzu, wanaume wakienda msikiti wa jirani. Alimtengeneza mzee mpaka goti, akasahau Ijumaa. Yeye, mtoto wa madrasa.

Mashine ilishaanza kuandika: "Samahani sana kwa usumbufu..."

Akaizuia. Bader hajaomba radhi tangu azaliwe, hata kwa mke wake.

Akafungua ukurasa wa tabia za mzee, akaongeza mstari mmoja: Ukishikwa na kosa, usiombe radhi. Tukana.

Akaiachia mashine.

"Goti limekataa kuinama, niko mu gari mbele ya musikiti. Na we, mutu wa kuamukia bia, ndiyo unanihesabia sala? Leta mupwa wangu, ao mali naipeleka kwa mutu mwenye akili."

Kudra akangoja. Kanzu ya mwisho ikapita. Barabara ikabaki na mbuzi.

"Sasa ni we, mzee. Nakuja."

Redio ikakwaruza, sauti ya mwenzake aliyelinda kona.

"Land Cruiser nyeupe. Watu wawili."

"Assia?"

"Kiti cha nyuma. Muzima."

"Muache Zénon aingie."

Zénon akashuka akiita mzee, mzee. Makarov ikamgusa nyuma ya sikio.

"Mzee anasali," Kudra akamwambia.

Ndani ya buti walikuta mabomu kumi na mawili, yakingoja viwashio ambavyo havingekuja tena.

Assia akatoka garini. Akamuuliza Kudra kama hakuogopa.

"Apana," Kudra akasema. Ilikuwa kweli. Hakuogopa, hakufurahi.

Tecno ikatetemeka. Mzee hakuwa ameambiwa kwamba kazi imekwisha; alikuwa bado anamwandikia Zénon.

"Mwanangu, umekula?"

Tangu matanga ya mume wake, hakuna mtu aliyemuuliza hivyo. Kudra akayasoma maneno hayo mara mbili.

Akamfuta mzee, pamoja na goti lake.

Kisha akavuka barabara, taratibu, akaagiza samaki aina ya mukeke wa kuchoma na ndizi.