Barua kwa Macho ya Upole

Foleni ya duka la kutoa fotokopi ilikuwa imemwagika hadi barabarani. Dada mwenye gauni la kijani alikuwa amekumbatia daftari kuukuu, na kaka aliyesimama nyuma yake akashindwa kunyamaza.

"Dada, hilo daftari lina dhahabu?"

"Lina watu. Wafadhili wote wa shule yetu ya watoto wasiosikia."

"Basi mimi ndiye fundi mnayemsubiri. Nimekuja kuwaingiza kwenye mfumo wa kompyuta."

Kwa miezi miwili walikaa meza moja, dada huyo, mratibu wa michango, akisoma, fundi akichapa. Fundi alishafunga mifumo ya michango kwenye taasisi nyingi, lakini mtu wa namna hii hakuwahi kumwona. Mratibu alijua mfadhili gani amefiwa na nani hapendi simu za asubuhi, na kila mmoja alimpa jina la utani. Fundi alimpenda palepale, hata chai ikawa inampoa mkononi.

"Safu hii ya majina ya utani nani anaiona?" mratibu aliuliza.

"Wewe tu, Mama Daftari."

Siku ya majaribio fundi alichanga mwenyewe. Mratibu akamwandikisha, akajaza na safu ya utani, huku ameigeuza kompyuta upande wake.

Ijumaa asubuhi mfumo ukatuma barua za shukrani. Kwa makosa, fundi alikuwa ameunganisha salamu na safu ya utani badala ya safu ya majina. Mwenye duka la vitambaa aliandikiwa "Mpendwa Mlalamishi". Hakimu mstaafu akawa "Mpendwa Hakati Simu". Mratibu alisoma nakala moja baada ya nyingine. Watoto kumi na wawili walikuwa wanasubiri vifaa vya kusikia, na tegemeo lao lilikuwa watu haohao. Alizima simu, akajifungia stoo.

Fundi hakujitetea. Alivuta simu ya mezani, akawapigia mmoja mmoja hadi sauti ikamkauka.

"Kosa ni langu, mama, si la mratibu."

Mwenye duka aliangua kicheko. "Miaka yote nalalamika na bado ananijulia hali. Mwambie mimi nipo."

Jioni fundi aligonga mlango wa stoo. "Fungua, Mama Daftari. Hakuna aliyejitoa."

"Hata hakimu?"

"Huyo kanikalisha kwenye simu saa nzima."

Kicheko kidogo kilisikika ndani.

"Amebaki mmoja sijampigia. Mimi. Nimeandikiwa 'Mpendwa Macho ya Upole'."

"Unadhani nimejifungia kwa ajili ya hakimu?"

Mlango ulifunguka. Wanja ulikuwa umemchuruzika hadi mashavuni, na bado fundi alimwona mzuri kuliko siku zote. Akampa kompyuta. Kwenye skrini, fomu ya fundi mwenyewe ya ufadhili ilikuwa imejaa, isipokuwa nafasi ya mwenzi wa ndoa.

"Hapo siwezi kujaza bila ridhaa yako. Ukikataa, paache wazi."

Mratibu aliketi juu ya boksi la karatasi, akajifuta vidole kwenye gauni, akaandika jina lake lote, polepole, kwa herufi kubwa.

"Hifadhi upesi," alisema, "kabla haya haijanirudia."