Kiti cha Mwenye Kosa

Sogezeni viti, jamani, na anayetafuna amalize kwanza, maana habari hii haitaki mdomo uliojaa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Katika ghorofa ya juu ya bohari ya dawa, wachambuzi wa takwimu walikuwa wakicheka. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza zilizopeana migongo, na birika la umeme lililonguruma kama linataka kupaa. Kazi yao mtaielewa hata kama hamjawahi kuiona: zahanati zilituma taarifa za dawa zilizotumika, wao wakazisoma kwenye kompyuta na kukadiria kila zahanati ipelekewe nini. Wakikosea, lori linakwenda na mzigo usiotakiwa, au haliendi kabisa.

Walikuwa na desturi yao. Kila Ijumaa kabla ya chai, kila mtu alileta kosa lake la wiki, akalionyesha ukutani, akaeleza alivyoligundua, na wenzake wakamsaidia kulifumua. Mwenye kosa kubwa kuliko wote alipewa kiti kizuri, kile kinachozunguka, akikalie wiki nzima. Desturi hiyo aliianzisha Bi Mkubwa, mkuu wao wa zamani, ambaye watu wanaapa kwamba alinusa kosa kwenye jedwali kabla kompyuta haijawashwa.

"Leteni kosa likiwa bichi, tulitafune pamoja," alizoea kusema. "Likikomaa, litatutafuna sisi."

Bi Mkubwa akastaafu. Nafasi yake akaishika Kamusi.

Aliitwa Kamusi kwa sababu kila aliyekwama alimwendea yeye. Wapo wanaodai kwamba akikoroga chai, chembe za sukari zilijipanga kwa ukubwa kabla ya kuyeyuka. Hilo mimi sikuliona, lakini pia sina sababu ya kulikataa. Fomula ya kukadiria dawa aliiunda yeye, na enzi zake ilikuwa fomula ya kujivunia. Tatizo la kamusi, wenzangu, ni kwamba lugha haikai kumngoja mchapishaji. Vijana wakaingia ofisini na njia mpya ambazo hakuzijua. Siku moja, mbele ya baraza la Ijumaa, aliulizwa swali akakosa jibu. Masikio yakamwaka moto.

Ijumaa iliyofuata alitangaza, "Baraza limefutwa. Hapa tunalipwa kufanya kazi, si kuungama."

Kiti kinachozunguka akakivuta mezani kwake. Kiti cha mwenye kosa kikawa kiti cha asiyekosea.

Haikupita muda, dada mmoja aliyekaa karibu na dirisha, waliyemwita Dirishani, akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake.

"Kaka, samahani. Hivi fomula yetu ikikuta kisanduku kitupu kwenye jedwali, inafanyaje?"

"Inaweka sifuri. Ulitaka iweke nini, chumvi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Lakini tupu si inaweza kuwa taarifa haijafika tu? Labda wagonjwa wapo, ila sisi..."

"Mdogo wangu," Kamusi akamkata huku akijizungusha kwenye kiti, "ukikosa la kufanya, chemsha maji."

Wakacheka tena, ila safari hii kilikuwa kicheko cha watu wanaoshukuru kwamba hawakuulizwa wao. Tangu siku hiyo, ofisi ikatulia. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeonyesha. Anayekosea alifuta harakaharaka kama mtu aliyemwaga uji kwenye zulia la mwenyeji. Kamusi aliuona ukimya ule akauita nidhamu.

Kisha zahanati zikaacha makaratasi, zikaanza kutuma taarifa kwa simu. Mpangilio wa taarifa ukabadilika. Fomula ya Kamusi ikaenda kutafuta dawa za shinikizo la damu mahali pake pa zamani, ikakuta patupu, ikaweka sifuri. Zahanati moja baada ya nyingine, sifuri. Chati ikateremka kama mtoto kwenye mtelezo.

Kamusi akaibeba chati hiyo mpaka kwa mkurugenzi. "Shinikizo la damu linapungua," akasema. Akapigiwa makofi. Chini, boharini, lori likapunguziwa mzigo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipopanda ngazi likaingia nyumbani kwa mtu.

Mama yake Kamusi aliishi mtaa wa pili na binti yake, dada mdogo wa Kamusi. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na dawa alizipata zahanati ya jirani. Jioni moja akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, zahanati wananiambia dawa ya presha hakuna."

"Haiwezekani, mama. Huko kwenu hata mahitaji hakuna. Nimeona mwenyewe kwenye chati."

"Wewe umeona kwenye chati, mimi nimeona kwenye rafu. Rafu nyeupe kama meno ya tangazo."

"Labda ulifika wakati mbaya. Rudi kesho."

"Na kesho wakisema vilevile?"

"Mama! Hii ndiyo kazi yangu."

Sauti ya mama ikarudi, ndogo kidogo kuliko ilivyoondoka.

"Haya, baba. Wewe ndiye unayejua."

Mtaniuliza, kwani hakuweza kumnunulia? Angeweza. Duka la dawa lilikuwa njiani kwake, na alilipita kila jioni. Lakini kununua kungekuwa kukiri kwamba chati inasema uongo, na Kamusi hakuwa tayari kukiri hata mbele ya muuza dawa asiyemfahamu.

Simu ya dada yake ilimkuta ofisini, akizunguka kwenye kile kiti.

"Kaka, njoo. Mama ameanguka jikoni. Mdomo umekwenda upande."

Hospitalini, daktari aliuliza swali moja tu. "Dawa zake alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa anakata nusu," dada akajibu, macho sakafuni. "Baadaye robo. Nikimwambia twende tukanunue, anasema hapana, zipo njiani. Mwanangu amesema."

Dirishani alikuja kumpa pole. Wakakaa kwenye benchi la ukumbini, chupa ya chai katikati yao, haijafunguliwa.

"Ulijua habari ya visanduku," Kamusi akasema. "Ulijua, ukaninyamazia."

"Sikujua, kaka. Niliuliza tu." Dirishani akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye mfuniko wa chupa. "Ningeuliza mara ya pili, labda tungejua wote."

Ijumaa iliyofuata, Kamusi aliwakusanya wenzake kabla ya chai. Akaangaza jedwali ukutani, akawaonyesha visanduku vyote ambavyo fomula yake ilivijaza sifuri, na akaeleza kosa lilivyotokea, mstari kwa mstari, mpaka vidonge ambavyo mama yake alivikata nusu, bila kumsingizia mtu. Jina la zahanati ya mama yake lilikuwemo, la kawaida kabisa, halikung'aa kuliko mengine.

"Na wengine?" mmoja akauliza polepole. "Wengine waliokuwa wanakata nusu?"

"Sijui," Kamusi akasema. Pengine ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake ofisini. "Hatuna taarifa zao. Hao nao ni visanduku vitupu."

Ndipo Dirishani akainuka, akakishika kile kiti, akakisukuma mpaka mbele ya Kamusi.

"Desturi ni desturi, kaka."

Kamusi akakaa. Kilikuwa kiti kilekile chenye mto uleule, lakini alikikalia ukingoni, kama mgeni kwenye nyumba ya msiba. Hakukizungusha.

Malori yalikwishapakiwa upya. Mama naye akarudi nyumbani, mkono wa kulia umelala, akijifunza kushika kijiko kwa wa kushoto. Anajifunza na maneno pia, katika umri ule, moja moja. "Maji" limerudi. "Mlango" limerudi, na siku lilipotoka alicheka mpaka mchuzi ukamwagika, akaanza tena kijiko cha kwanza bila haya. Kamusi huketi kando yake jioni, akingoja. Kuna neno moja ambalo mama alikuwa akimwita mwanawe tangu utotoni, "baba." Hilo bado halijarudi. Midomo hulizunguka, hulikaribia, kisha huliacha.

Naye hamsaidii kulimalizia. Anasikiliza tu.

FUNZO

Enyi mnaoongoza wenzenu, iwe ofisini penye kompyuta au nyumbani penye meza moja: ujuzi ni kama maji ya mtungi, usipoyabadilisha yanaota viluwiluwi huku wewe ukiyasifia utamu. Tengeni saa ya kujifunza pamoja na msiifute kwa kisingizio cha kazi, kwa kuwa hiyo nayo ni kazi. Mheshimuni anayeleta kosa lake. Msimcheke anayeuliza, mkimcheka mmoja mmewanyamazisha wote. Na mkiona patupu, msikimbilie kuandika kwamba hapana mtu. Kwanza nendeni mkaulize. Pengine yupo mama wa mtu, anakata kidonge nusu, akiamini kwamba mwanawe anajua.